Maji Aliyobatiziwa Doto

Jumapili ya Matawi, tarehe 25 Machi 1934, Wilhelmina binti Shimba alipiga magoti kwenye meza ya komunyo katika kanisa la misheni, akafumba macho, akafungua mdomo, na padri akampita. Alimkomunisha mwanamke wa kushoto kwake, kisha wa kulia kwake. Wilhelmina alibaki na mdomo wazi kwa muda ambao waliopiga magoti nyuma yake waliuona kuwa mrefu. Alipofumbua macho, padri alikuwa amefika mwisho wa safu.

Alirudi mahali pake na tawi lake mkononi. Hakujua sababu. Watu wengi waliokuwa kanisani walikuwa wanaijua, kwa kuwa habari hiyo ilikuwa imezunguka kijiji cha Lutalamba wiki nzima na kuingia kila nyumba isipokuwa yake.

Lutalamba ni kijiji cha Wasukuma kwenye ufuko wa ziwa, mwendo mfupi kutoka Kigongo, pale mitumbwi inapovushia watu kwenda Busisi. Wilhelmina alizaliwa hapo, akaolewa hapo, akawa mjane hapo. Mwaka ule alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Alilima mtama na viazi, na alikuwa mkunga. Vijana wengi wa Lutalamba walipokelewa na mikono yake, na wengine walimwogopa kidogo kwa sababu hiyo, kama mtu anavyomwogopa aliyemwona akiwa uchi.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyomtenga na wakunga wengine. La kwanza ni kwamba enzi za Wajerumani alizaa mapacha. Kwa Wasukuma, mapacha hawazaliwi nyumba moja tu. Wanazaliwa kwa nchi nzima. Inaaminika kwamba nguvu iliyoleta watoto wawili mahali pa mmoja ni kubwa mno, na isipotulizwa huharibu mashamba na kufunga mvua. Kwa hiyo wazazi, watoto na majirani huoshwa kwa maji yenye majani na mizizi, na wakati wa kuosha, wazazi hutukanwa kwa nyimbo mbele ya watu wote. Mwenye haki ya kuosha ni mwanamke aliyewahi kuzaa mapacha. Wa Wilhelmina walikufa kabla hawajatembea, lakini haki ile haifi pamoja na watoto.

Jambo la pili alilipata misheni. Homa kubwa iliyokuja baada ya vita ya Wajerumani na Waingereza ilimuua mume wake, kaka yake na mke wa kaka yake, ikamwachia mtoto mmoja wa kaka, mvulana mwembamba ambaye hakuwa amepata bado jina la Kikristo. Wilhelmina alimbeba mgongoni hadi misheni, akaomba asomeshwe. Yeye mwenyewe alikaa nyuma ya darasa kumsubiri, na kwa kusubiri akajifunza. Walibatizwa siku moja, mwaka 1921. Mvulana akawa Josephat.

Mapadri walipojua kwamba ni mkunga, walimpa ruhusa ambayo Mkristo yeyote anayo wakati wa hatari lakini wachache hufundishwa kuitumia: kumbatiza mtoto anayekaribia kufa. Walimwuliza maswali kwa uangalifu. Mtoto lazima awe hai. Maji lazima yawe maji matupu, si maziwa, si pombe, si dawa. Maneno lazima yasemwe yote, na maji yapite juu ya kichwa wakati maneno yanasemwa. Alijibu bila kukosea. Tangu siku hiyo alitengeneza kibuyu kidogo kwa kazi hiyo peke yake, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukinywea.

Watoto wengi aliowabatiza kwa namna hiyo walikufa. Walizikwa nyuma ya kanisa dogo la Lutalamba, kila mmoja na msalaba wake wa mti, si kando ya nyumba kama walivyozikwa wachanga wa zamani. Mama zao walipomtaja Wilhelmina, walitaja kwanza hilo. Kuhusu kuosha mapacha, aliwaambia watu wote kwamba ameacha, na kwa miaka kumi na miwili aliacha kweli. Walioomba aliwaelekeza Buswelu, kwa mwanamke mwingine.

Josephat alikua, akasoma, akawa mwalimu wa dini wa Lutalamba. Mwalimu wa dini ndiye aliyefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, aliyeongoza sala Jumapili ambazo padri hakufika, na aliyemjulisha padri nani anaishi na nani. Alikuwa na sauti nzuri na viatu. Alimwoa Odeta, msichana aliyelelewa na masista, na wakapata mabinti wawili mmoja mmoja, kama watu wengine.

Mwezi wa Novemba 1933, Odeta alizaa mapacha.

Wa kwanza alilia kabla hajatoka mwili wote. Wa pili alitoka wa bluu, mlegevu, bila sauti. Wilhelmina hakuwa na nafasi ya kunyanyuka. Alimwambia Josephat, aliyekuwa amesimama mlangoni, achote maji kwenye mtungi kwa kile kibuyu kidogo. Josephat akachota, akamkabidhi. Alimwagia mtoto kichwani na kumwita Paulo, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kisha akamfyonza kamasi puani na kumpiga nyayo mpaka akalia. Yule wa kwanza, kwa kuwa alikuwa mzima, aliachwa amsubiri padri, ambaye angemwita Petro. Lutalamba haikumsubiri mtu. Siku hiyo hiyo watoto waliitwa Kulwa na Doto, majina ambayo mapacha wa Usukuma huzaliwa nayo.

Mvua ilikuwa imechelewa. Ingeweza kuchelewa bila mapacha, na miaka mingine ilichelewa, lakini safari hii kulikuwa na sababu yenye paa na mlango. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, mzee Chenge, alikwenda kwa mwalimu kwa heshima na kumweleza kwamba mke wake asikanyage shamba la mtu wala asiende kuchota ziwani mpaka atakapooshwa. Odeta alikwenda ziwani hata hivyo. Wanawake walibeba mitungi yao mitupu wakaondoka, wakamwacha peke yake majini. Wanaume waliacha kumpa Josephat mkono. Darasa la wakatekumeni lilipungua, kisha likabaki na wazee wawili viziwi.

Katikati ya Desemba, Josephat alikwenda kwa shangazi yake. Alimkuta anapeta mtama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shingo imepinda hivyo, nani kafa?"

"Hajafa mtu bado. Shangazi, nakuomba uwaoshe watoto."

Wilhelmina aliendelea kupeta. Alimwuliza kama si yeye aliyesimama kanisani Jumapili iliyopita na kusoma kwamba mambo hayo ni dhambi.

"Nilisoma kilichoandikwa," Josephat alisema. "Aliyekiandika hakufukuziwa mke ziwani."

"Na padri akijua?"

"Akijua nitasema ni mimi niliyekuomba. Umenibeba mgongoni, shangazi. Nitakuacha vipi?"

Hakumjibu siku hiyo. Alimjibu siku ya tatu, kwa masharti. Pombe isiwepo. Kuku asichinjwe. Wote waanze kwa ishara ya msalaba. Nyimbo za zamani, zile zinazotaja viungo vya mwili na majina ya mizimu, zisiimbwe kwenye kiwanja cha mwalimu. Na kibuyu chake kidogo cha ubatizo kisitoke nyumbani kwake, kwa sababu maji ya kuoshea ni dawa na maji ya kubatizia ni maji. Josephat alikubali yote. Shanga nyeupe, ambazo desturi inataka mama wa mapacha avae shingoni, alikwenda kuzinunua mwenyewe Mwanza, kwenye duka la Ramniklal.

Sharti la nyimbo ndilo lililoleta tatizo. Bila matusi, wanawake walisema, kuosha si kuosha. Ni kumwagilia watu maji. Lakini wengi wao walikuwa Wakristo, na wimbo mmoja ambao wote waliujua kwa kuanza na kuitikia ulikuwa litania ya watakatifu. Padri huwataja watakatifu mmoja mmoja, na watu humwomba kila mmoja awaombee. Mwanamke aliyeitwa Paskazia, jirani wa Wilhelmina na mtu mwenye ulimi, ndiye aliyeanza. Aliimba kwa sauti ile ile ya kanisani, macho yametazama juu:

"Mwalimu uliyepanda mbegu mbili shimo moja."

Wenzake wakaitikia kwa Kisukuma: "Tuoshe."

"Mwalimu unayetukataza ngoma ya usiku, wewe ulikuwa wapi usiku?"

"Tuoshe."

"Odeta wa masista, uliyeingia na mmoja ukatoka na wawili."

"Tuoshe."

Waliimba hivyo kuzunguka nyumba asubuhi nzima. Wilhelmina alitangulia na chungu pacha, vyungu viwili vilivyoungana ubavuni, akichovya na kunyunyiza: watoto, wazazi, mzee Chenge, mbegu za watu, ng'ombe waliopitishwa. Cha kunyunyizia kilikuwa tawi kavu la Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, lile ambalo watu wa Lutalamba huchomeka darini kuzuia radi. Alilichagua kwa kuwa lilikuwa limebarikiwa na hakuona kitu kingine kinachofaa. Josephat alikaa kwenye kigoda, Doto mapajani, akicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa shati. Alikuwa hajacheka tangu Novemba.

Mvua ilinyesha wiki hiyo hiyo. Watu wa Lutalamba hawakuhitaji maelezo zaidi. Wakatekumeni walirudi darasani, Odeta akarudi ziwani, na siku ya Noeli padri akaja, akambatiza Petro na kumkamilishia Paulo sherehe ya mafuta na chumvi. Hakuna aliyemwambia kitu.

Padri huyo aliitwa Antoni. Alikuwa ameishi Usukuma kwa muda mrefu na alisikia Kisukuma vizuri kuliko vijana wa Mwanza mjini. Wiki ya tatu ya Machi, katika Kwaresima, alifika Lutalamba kwa baiskeli kuungamisha watu. Wilhelmina hakuwepo, alikuwa ameitwa Buhongwa kwa mwanamke aliyekuwa na uchungu wa siku nyingi. Jioni, baada ya maungamo, padri aliongoza litania. Alipomtaja mtakatifu wa kwanza, benchi la wasichana likaitikia kwa mazoea: "Tuoshe." Kisha likaanza kucheka.

Padri alimaliza litania peke yake. Halafu alimwita Josephat kwenye chumba cha kuvalia, akafunga mlango.

Mazungumzo hayo Josephat aliyasimulia baadaye kwa watu kadhaa, kila mara kwa namna tofauti kidogo, lakini sehemu kubwa haibadiliki. Padri aliuliza jibu lile limetoka wapi. Josephat alisema limetoka kwenye kuoshwa kwa mapacha. Padri aliuliza nani aliosha. Josephat alimtaja shangazi yake. Padri aliuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi. Hapa kila mwalimu wa dini alijua jibu la kweli lina adhabu gani: aliyeshiriki mila hizo aliondolewa kazini, na nyumba aliyoishi ilikuwa ya misheni. Josephat alisema alikuwa Mwanza.

Mtu aliyekuwa Mwanza hawezi kujua kilichotokea nyumbani. Padri aliuliza kama kuosha huko kulifanyika kabla au baada ya Doto kubatizwa. Josephat alisema hakuwepo. Padri aliuliza kama kwa hiyo hakuwaona watoto wakizaliwa. Josephat alisema hakuwaona, aliporudi alikuta yameisha yote, kuzaliwa na kuosha. Padri aliuliza swali la mwisho, ambalo pengine Josephat hakuona uzito wake: mtoto alibatizwa kwa maji gani?

"Sijui, Padri," Josephat alisema. "Mimi nilikuta chombo kimoja tu."

Jumatatu ya Juma Kuu, siku moja baada ya kupitwa kwenye komunyo, Wilhelmina aliitwa misheni. Padri Antoni alimkalisha kwenye kibaraza. Josephat na Odeta walikuwa tayari wamekaa, Odeta na Doto mgongoni. Kulwa aliachwa nyumbani na dada zake.

Padri hakuwa mkali. Alimweleza jambo kwa utulivu, kama mtu anayesoma vipimo. Kuosha mapacha ni kosa, na kosa lina kitubio, nalo litakwisha. Lililomhangaisha ni jingine. Kama Wilhelmina alimbatiza Doto kwa maji ya dawa, Doto hakubatizwa. Na kama alifanya hivyo mara moja, padri hana njia ya kujua kwamba hakufanya hivyo kwa wengine. Walio hai watarudiwa ubatizo kwa sharti, yaani kwa maneno "kama hujabatizwa". Waliokufa haiwezekani.

Wilhelmina alikiri kuosha. Alisema ameosha kwa mikono yake na atafanya kitubio chochote. Kisha alisema ubatizo ulikuwa Novemba na kuosha kulikuwa Desemba, kwa chombo kingine na maji mengine, na maji ya ubatizo alichotewa na baba wa mtoto.

Padri alimgeukia Josephat. Josephat alitazama viatu vyake.

"Nilikuwa Mwanza, Padri."

"Mwanza ulikwenda Desemba, kununua shanga," Wilhelmina alisema. "Ramniklal yupo, aulizwe."

"Nilinunua rozari," Josephat alisema.

Padri hakumtuma mtu kwa Ramniklal. Alimwuliza Odeta, ambaye bila shaka alikuwepo siku alipojifungua. Odeta alikuwa mwanamke wa ukweli. Masista walimsifu kwa hilo. Alimsogeza mtoto mgongoni, akakaza kanga, akasema alikuwa na uchungu, macho yamemfunga, hakumbuki nani aliingia wala nani alitoka.

"Odeta, mwanangu," Wilhelmina alisema. "Ulimwona mumeo akinipa kibuyu."

Odeta alirudia kwamba hakumbuki. Doto alianza kulia, na hilo lilimpa ruhusa ya kuondoka.

Uamuzi ulitolewa palepale. Ruhusa ya kubatiza imeondolewa. Wilhelmina atarudishiwa komunyo siku atakaposimama mbele ya kanisa na kukiri yote mawili: kwamba aliosha, na kwamba alichanganya maji. Wilhelmina aliuliza kama anaweza kukiri moja. Padri alisema ungamo la nusu si ungamo. Watoto walio hai waletwe Jumatatu ya Pasaka. Kuhusu waliokufa, alisema, tuwaachie huruma ya Mungu, ambayo ni kubwa.

Josephat alimfikia shangazi yake njiani, kwenye mteremko wa kuelekea ziwani. Alikuwa anamkimbilia, viatu mkononi. Alimwomba akubali kukiri. Alisema litakwisha kwa siku moja, watu watasahau, padri atamrudishia komunyo, na yeye mwenyewe atamlimia shamba lake masika yote.

"Wewe huna cha kupoteza, shangazi. Mimi nina watoto."

"Nina watoto kuliko wewe," Wilhelmina alisema. "Wako nyuma ya kanisa."

Josephat alisema hao wameshakufa. Wilhelmina akamwambia avae viatu, njia ina miiba, na akaendelea peke yake.

Wilhelmina hakuwahi kuwa mtu wa kueleza mambo, na hakumweleza mtu jambo hili. Angeweza kuzunguka Lutalamba na kusema mwalimu alikuwepo, alicheka, alinyunyiziwa. Nusu ya kijiji ilikuwepo na iliona. Lakini walioona kuosha hawakuona kuzaliwa, na hakuna aliyekuwa tayari kwenda misheni kusema alimwona mwalimu kwenye mila, kwa kuwa angeulizwa na yeye alikuwa anafanya nini pale. Mzee Chenge, ambaye hakuwa Mkristo na hakuwa na cha kuogopa, alisema hayo ni mambo ya watu wa padri na mvua imeshanyesha. Paskazia, aliyeanzisha wimbo, alifunga mlango wake kwa siku mbili.

Siku ya tatu, Ijumaa Kuu, alikuja kwa Wilhelmina. Alikuwa na mimba ya miezi saba na watoto wawili nyuma ya kanisa, mmoja wa 1929, mwingine wa 1931. Wote wawili walibatizwa na Wilhelmina. Hakukaa alipokaribishwa.

"Mama Wilhelmina, niambie mimi tu. Wa kwangu uliwatia maji gani?"

"Maji ya mtungi wako. Wewe mwenyewe ulikuwa unayanywa."

Paskazia alisema anaamini. Kisha alisema wanawake wamekaa wakashauriana. Jumapili misheni itatoa maji mapya ya Pasaka, na watu watayachukua kwenye chupa kama kila mwaka. Wanataka Wilhelmina aende nao makaburini Jumatatu, ayamwage juu ya kila kaburi na kusema maneno. Yeye ndiye aliyeanza, amalizie yeye. Kama kulikuwa na kasoro, itaondoka. Kama haikuwepo, maji hayaharibu kitu.

Wilhelmina alimweleza kwamba maji ya ubatizo hayaingii kwa mfu; alifundishwa hivyo na hajasahau. Paskazia alisema padri huwanyunyizia wafu maji siku ya mazishi, na yeye aliyaona yakiingia ardhini.

"Hayo si ubatizo."

"Sawa, si ubatizo. Njoo umwage tu. Wenzangu watatulia."

"Nikimwaga nitakuwa nimesema sikuwabatiza."

"Utakuwa umetusaidia."

"Nitakuwa nimesema uongo juu ya wanao wawili, Paskazia, mbele yao."

Paskazia alisema mtu asiye na kitu cha kuficha haogopi chupa ya maji. Alisema na Odeta angesema, kama kungekuwa na la kusema. Odeta hana sababu ya kumchukia. Kisha aliondoka, na kabla ya jua kuzama kila mama mwenye kaburi alijua kwamba mkunga amekataa.

Kukataa huko kuliwashawishi zaidi kuliko maneno ya Josephat. Hadi Ijumaa Kuu wengi walikuwa hawajui waamini nini. Kuanzia Jumamosi walijua. Mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa hai na mwenye afya, akicheza barazani kwa Wilhelmina kila siku, alikuja kumshika mwanawe mkono na kumpeleka nyumbani bila salamu.

Pasaka ilikuwa tarehe 1 Aprili. Wilhelmina alikwenda misa, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, hakusogea wakati wa komunyo. Jumatatu, watoto walio hai walipelekwa misheni wakabatizwa kwa sharti. Doto alikuwa wa kwanza, mikononi mwa baba yake. Mchana wake wanawake walikwenda nyuma ya kanisa la Lutalamba na chupa zao. Hawakujua maneno yote, kwa sababu aliyeyajua hakuwa nao, hivyo wakamwomba mwalimu. Kumbatiza mfu ni kosa ambalo mwalimu wa dini hawezi kusema hakulijua. Josephat alitembea kutoka kaburi hadi kaburi, akimwaga maji ya Pasaka kwenye udongo na kusema "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu," na kila mama akataja jina upya. Kwenye makaburi mawili ya Paskazia alitumia chupa mbili. Padri hakuambiwa, na hakuna msichana aliyecheka.

Wilhelmina aliwaona kutoka shambani. Aliendelea kupalilia hadi walipomaliza.

Hakusimama kukiri Jumapili iliyofuata, wala ile iliyofuata hiyo. Mwisho wa Aprili aliuza mbuzi wake, akakodi mtumbwi Kigongo na kuvuka kwenda Busisi, kuishi kwa binti wa dada yake. Mwezi wa Mei Paskazia alishikwa na uchungu, na Lutalamba ikatuma mtu Buhongwa kutafuta mkunga.